Kambi iko mita 500 kutoka kisimani: inatosha?

Swali: Mimi ni ofisa usalama kwenye mradi wa mafuta. Kambi ya wafanyakazi imejengwa kwa makontena, mita 500 kutoka visima vyenye gesi ya haidrojeni salfaidi. Mkandarasi anasema umbali huo ni wa kawaida, hivyo tathmini haina haja. Nimjibu nini?

Jibu: Mwombe hesabu iliyozaa hizo mita 500. Kama hana, basi alichokupa ni mazoea tu. Umbali salama hutegemea shinikizo la kisima, kiasi cha gesi yenye sumu ndani yake, umbo la ardhi na upepo. Visima viwili vya eneo moja vinaweza kudai umbali tofauti kabisa.

Kwa maelezo yako, ningeanza na sumu. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kufuata mabonde. Ikifika sehemu 100 kwa milioni huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai, na karibu na kiwango hicho pua huacha kuinusa. Anayelala akitegemea harufu imwamshe hana kinga yoyote. Desemba 2003, huko Kaixian nchini China, kisima cha gesi kiliwashinda wachimbaji usiku, kikamwaga gesi hii. Watu 243 walikufa, wengi wao wanavijiji waliokuwa majumbani mwao.

Kwa hiyo usikubali hesabu iliyofanywa kwa wastani wa upepo wa mchana. Dai hesabu ya usiku mtulivu, upepo wa mita 1.5 hadi 2 kwa sekunde, hewa isiyochanganyika. Hapo ndipo wingu la gesi husafiri mbali bila kupungua makali, na ndipo kambi nzima imelala. Kama kambi iko bondeni, programu nyingi rahisi za kukokotoa hazitaliona bonde hilo, maana huchukulia ardhi kuwa tambarare.

Moto una kipimo chepesi zaidi. Mionzi ya joto ya kilowati 5 kwa mita ya mraba humuumiza mtu aliye nje ndani ya nusu dakika. Kambi inapaswa kuwa mbali sana na kiwango hicho. Usisahau mnara wa kuchomea gesi.

Mlipuko kwa mita 500 huenda usiwe tishio kuu, ila angalia kama kuna mitambo ya kusafishia gesi iliyosongamana karibu zaidi na kambi kuliko visima. Mwaka 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, watu 15 walikufa, wote wakiwa ndani au karibu na ofisi za muda za kuhamishika. Kazi yao haikuhitaji wawe pale. Kontena au kibanda chepesi hakikujengwa kuhimili wimbi la mlipuko.

Kisha kuna hesabu ya saa, ambayo wengi huikosea. Mfanyakazi anayekaa saa 12 kazini na saa 12 kambini hatoki eneo la hatari. Jumlisha hatari zote mbili kwa mtu yuleyule. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza huchukulia kifo 1 kwa watu 1,000 kwa mwaka kuwa kikomo cha juu kabisa kwa mfanyakazi, na 1 kwa 10,000 kwa mwananchi wa kawaida. Mpishi na mfua nguo wa kambini ningewapima kwa kile cha mwananchi, hata kama mikataba yao inawaita wafanyakazi.

Mkandarasi atakuambia ataongeza ving'ora. Sawa, lakini muulize: kengele ikilia, viyoyozi vinavyovuta hewa ya nje vitazimwa na nani, na njia ya kutokea inapita wapi? Nimeona kambi ambayo barabara yake pekee ilipita kando ya kisima. Zinahitajika njia mbili, zinazokata upepo pembeni, na kitu cha kuonyesha uelekeo wa upepo hata gizani. Hesabu ikigoma, hamisheni kambi; makontena yana faida hiyo moja.