Nina miaka 31, nimechelewa kuanza ngumi za kulipwa?

SWALI: Habari kocha. Nina miaka 31, niko gym mwezi wa 8 sasa, sijawahi kupigana ridhaa (ngumi zisizo za malipo) hata mara moja. Kwenye padi na begi niko vizuri, wenzangu wanasema ngumi zangu nzito. Kuna promota kaniambia ana pambano la raundi 4 baada ya wiki 6, kilo 72. Nichukue au umri ushanitupa mkono?

JIBU: Salama ndugu yangu. Umri haujakutupa mkono, ila hilo pambano usilichukue, na sababu sio hiyo 31 yako.

Umeniambia padi anazoshika kocha uzipige, umeniambia begi, sparingi, yaani kupigana na mwenzako mazoezini, hujaitaja popote. Begi halirudishi ngumi kaka. Nilikuwa na kijana mmoja, kijana namwita ila alikuwa na 33, kwenye padi alikuwa moto mpaka watu wanasimamisha mazoezi wamwangalie. Siku ya kwanza nimempandisha ulingoni na bondia wa kawaida tu wa ridhaa, raundi ya kwanza akaenda vizuri, ya pili nikaona mabega yamepanda mpaka masikioni, mdomo wazi, mikono inashuka kila akimaliza kurusha. Pumzi ya kukimbia alikuwa nayo tele, tatizo kila ngumi ikija anabana pumzi, sasa ukibana pumzi dakika tatu hata uwe na mapafu ya farasi utazama tu. Hilo halitibiki kwa kukimbia, linatibika kwa kuzizoea ngumi.

Jipime hivi. Simama na mwenzako umbali wa jebu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, akurushie taratibu kwenye paji la uso kama 20 hivi, wewe usipige, kinga tu na utazame, na mtu wa pembeni akurekodi na simu. Ukiangalia ile video ukakuta unafumba macho au unageuza uso pembeni, bado sana. Bondia aliyeanza na miaka 12 hilo lilimtoka zamani hata hakumbuki, wewe unatakiwa ulitoe sasa hivi na mwili wa mtu mzima, inawezekana ila haina njia ya mkato.

Halafu kuna suala la glavu. Kwenye sparingi mnavaa aunsi 16 na kofia ya kichwani, kwenye kulipwa kwa kilo 72 unavaa aunsi 10, nyepesi na yenye sponji kidogo, na kichwa kitupu. Ngumi ile ile uliyokuwa unaila unacheka, siku hiyo ina habari nyingine kabisa.

Waliochelewa wakafika wapo. Ron Lyle alitoka jela mwaka 1969, akaingia kulipwa 1971 akiwa na miaka 30, na 1975 akagombea ubingwa wa dunia na Muhammad Ali mwenyewe, akapoteza, refa alisimamisha pambano raundi ya 11. Lakini watu wakimtaja Lyle wanaruka kipande kimoja, jamaa alipita ridhaa kwanza na akachukua ubingwa wa taifa wa ridhaa Marekani 1970. Deontay Wilder naye alianza akiwa mkubwa kidogo, 2005, na 2008 akabeba shaba ya Olimpiki. Ila angalia, hao wote wawili ni uzito wa juu, kule konde moja linaweza kukufichia mapungufu mengi. Kwenye kilo 72 watu wana kasi bado na wanarusha ngumi nyingi, konde zito peke yake halitakubeba.

Sasa ningekuwa kona yako ningefanya hivi: mwaka mzima kwenye ridhaa, mapambano 8 mpaka 10, ushinde upoteze haijalishi, na sparingi mara mbili kwa wiki na watu tofauti, mrefu, mfupi, wa mkono wa kushoto. Sio kila sparingi iwe vita, nyingi ziwe nyepesi za kiufundi, kichwa ni kimoja na wewe huna miaka ya kukichezea. Ridhaa ya wakubwa kwa kawaida inaruhusu mpaka miaka 40 kwahiyo muda unao. Vipimo fanya mapema usisubiri leseni: kichwa, macho, moyo, damu (ukimwi na homa ya ini B na C). Na kama uzito wako wa kawaida ni kilo 80 halafu wanakutaka 72 ndani ya wiki 6, hapo mimi ningekataa hata bila kusikia mengine.

Kuhusu promota, sisemi ni mtu mbaya, ila muulize jina la mpinzani na rekodi yake. Akikwambia jamaa ana 6-0, yaani kashinda sita hajapoteza, na tiketi zinauzwa mtaani kwao, basi wewe umeitwa ukawe ngazi ya mwenzako. Bernard Hopkins alipoteza pambano lake la kwanza 1988 na akaja kuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 46, kwahiyo kupoteza sio kufa, lakini Hopkins alikuwa na miaka 23 na muda wa kurekebisha. Wewe ukianza na 0-3 ukiwa na 32 simu zitakuja nyingi tu, zote za kukuita ukapigwe.

Anza na ile video ya jebu 20 wiki hii, ukiona macho yako yanabaki wazi niandikie tena tuongelee sparingi.