Amri za Linux kwenye kidirisha cheusi cha Windows

Sheikh, umeuliza vipi amri za Linux kama `ls` (ya kuorodhesha mafaili) na `grep` (ya kutafuta neno ndani ya mafaili) zitakubali kwenye cmd, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, kwenye Windows ya ofisini, na huna ruhusa ya kuingiza programu. Inawezekana. Mie hapa Chake Chake natumia mashine ya namna hiyo hiyo, na fundi wa ofisi sijamsumbua.

Anza na doskey, amri ya kuzipa amri nyengine majina unayoyataka; imo ndani ya Windows yenyewe. Fungua Notepad, kila aliasi (jina jipya, kisha amri yake) mstari wake:

ls=dir /b $*
clear=cls
pwd=cd
kazi=cd /d D:\karafuu

Ile `$*` ndiyo inayobeba utakachoandika mbele ya amri. Bila yake, `ls *.csv` itakumwagia folda nzima. Hifadhi kwenye D: kwa jina la amri.txt, kisha tengeneza njia ya mkato kwenye deskitopu yenye maneno haya:

cmd /k doskey /macrofile=D:\amri.txt

Wengine watakwambia uingie kwenye rejistri, pale Windows inapoweka mipangilio yake, uweke AutoRun, yaani amri ya kujiendesha yenyewe. Inafanya kazi, lakini itaamka kila cmd inapofunguliwa, hata na programu nyengine. Mie siipendi.

Sasa grep. Wapo wanaoandika `grep=findstr $*` (findstr ndiyo ya Windows ya kutafuta maneno) wakaona wamemaliza. Mwanzoni mwa mstari inakwenda vizuri. Jaribu `dir | grep konde` uone inavyokataa: doskey hutazama neno la mwanzo tu, la baada ya kile kistari cha wima haligusi. Ndani ya faili la .bat, lile la amri zilizopangwa ziende kwa mfululizo, ndiyo haipo kabisa.

Kwa hiyo unataka programu zenyewe. Git for Windows, furushi la programu linalokuja na amri za Linux, ina toleo la kubeba kwenye flashi. Ukilifungua, tuseme kwenye D:\git, ndani ya usr\bin mna grep, sed, awk, wc (ya kuhesabu mistari), less. Mie orodha za wakulima ndizo kazi yangu, na `grep -i konde wakulima.csv | wc -l` hunipa idadi ya watu wa Konde Excel ingali inafunguka. Curl (ya kupakua) na tar (ya kufunga na kufungua mafurushi) usihangaike, Windows 10 inazo tangu 2018.

Folda hiyo ya usr\bin iongeze kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu) ya akaunti yako, si ya mfumo. Ya akaunti hukaa nyuma ya ile ya mfumo, na ndipo khasa unapoitaka, maana `find` na `sort` zimo pande zote mbili na hazifanani hata kidogo. Ukiitanguliza ya Git, faili la .bat la watu wa uhasibu linalotegemea find ya Windows litaanza kutoa makosa, na wewe ndiye utakayeitwa. Andika `where find`. Ya juu kabisa iwe ya System32, folda ya Windows yenyewe. Ile ya Linux ipe jina lake kwenye amri.txt:

ufind=D:\git\usr\bin\find.exe $*