Matandiko ya nyoka wa mchangani: maranda au makumbi?
Ndugu, umeuliza kama maranda unayopewa bure na mafundi wa mbao wa soko la Gikomba, Nairobi, yanafaa kutandikwa katika kizimba cha nyoka wako wa mchangani (sand boa), ambaye naamini unamfuga kwa kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Nakusihi uyaache, kwa sababu fundi huranda mbao za kila aina, na mtarakwa na msonobari hutoa mafuta yenye harufu kali yanayoweza kudhuru mapafu ya nyoka, mbali na mabaki ya dawa ya mbao.

Nyoka huyu hujifukia akabakiza macho na pua tu. Kwa hiyo mchanganyie udongo laini usiotiwa mbolea na mchanga uliochekechwa, kina cha sentimita 8 hadi 10, uliokwisha kuanikwa juani ukakauka kabisa. Makumbi ya nazi yaliyosagwa ni mazuri pia, na mimi binafsi nayapenda zaidi, ila yaoshe kwanza kwa maji ya mfereji ili chumvi itoke, kisha uyakaushe. Usiyaache na majimaji: unyevu wa kudumu, hasa katika baridi ya Julai hapa Nairobi, huleta malengelenge kwenye ngozi ya tumbo la nyoka. Kinyesi kiondoe siku hiyo hiyo.