Upepo wa mipira: namba ya fundi na namba ya mlangoni

Waalaykumu salaam, kaka. Umeuliza mawili: kama ile paundi (psi) 40 anayokujazia fundi pancha magurudumu yote ni sawa kwa kuwa "Unguja joto", na kwa nini mpira wa nyuma kushoto unapungua kila wiki ilhali hauna msumari. Nianze na la 40.

Hiyo 40 si ya gari yako. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo au ubavu wa mlango wenyewe, kuna kibandiko. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, kwa hiyo maandishi hutayasoma, lakini tarakimu ni zile zile: saizi ya mpira, halafu upepo wa mbele na wa nyuma kwa kPa (kilopaskali, kipimo kingine cha upepo). kPa 220 ni paundi 32, 230 ni 33, 250 ni 36. Fuata mstari wa saizi uliyoifunga, maana kibandiko kimoja huweza kuwa na saizi mbili. Namba iliyochongwa ubavuni mwa mpira, 44 au 51, iache. Huo ni ukomo wa mpira, haikuhusu wewe na Toyota IST yako.

Namba ya kibandiko ni ya mpira baridi: gari imelala, au imesimama si chini ya saa tatu na haijakwenda zaidi ya kilomita mbili. Kosa kubwa liko hapa. Gari inatoka Paje mchana, inapita Jozani na Tunguu, inafika Mwanakwerekwe geji inasoma 38. Mwenyewe anashtuka, anatoa upepo mpaka 33. Asubuhi mpira umeshapoa, una 28 au 29, naye hana habari. Kupanda paundi 4 au 5 kwa nusu saa ya lami ni kawaida, na waliotengeneza mpira wamelihesabu hilo. Mpira wa 28 ndio wa kuogopa: ubavu unabonyea kila unapozunguka, kubonyea kunazaa joto ndani ya mpira wenyewe, na hilo joto ndilo linalopasua.

Fundi wako yeye kaenda upande wa pili. Ukiwa na 40 baridi, mpira unakanyaga kwa katikati tu. Utaona katikati pamelika na pembeni bado pana meno, gari inaruka kwenye mashimo, na wakati wa masika inachelewa kusimama. Pembe zote mbili zikilika, upepo ulikuwa mdogo. Ikilika pembe moja tu, hapo upepo hauna kosa, kapime alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu.

Pima alfajiri, kwa geji yako mwenyewe, kila wiki mbili na kabla ya safari ndefu kama ya Nungwi. Geji ya bandani kwa fundi huanguka chini mara kumi kwa siku. Ikikosea paundi 3 hakuna anayejua. Usipime upande mmoja ukiwa juani na mwingine kivulini, zitatofautiana bure. Ukilazimika kujaza mpira wa moto, weka paundi 4 juu ya kibandiko, kisha rekebisha asubuhi. Habari ya naitrojeni usiipoteze pesa: upepo wa kawaida ni naitrojeni asilimia 78 tayari.

Sasa huo wa nyuma kushoto. Kupungua paundi 1 au 2 kwa mwezi ni kawaida, lakini 4 kwa wiki ni uvujaji. Jaza mpaka 36, changanya sabuni na maji, pitisha kwa brashi mdomoni mwa valvu, kwenye shina lake la mpira, sehemu ya kukanyagia yote, halafu ukingo wa rimu pande zote mbili, wa ndani pia. Povu likichemka mdomoni, kaza au badilisha kile kisindano cha ndani, kazi ya dakika moja. Povu likitoka shinani, valvu nzima ibadilishwe.

Kwa gari inayolala pwani, dau langu ni ukingo wa rimu. Chumvi inaingia pale mpira unapokaa. Rimu ya chuma inafanya kutu ya magamba, ya aluminiamu inatoa unga mweupe, na upepo unapenya taratibu. Dawa yake ni kuutoa mpira, kusugua ukingo kwa brashi ya waya na msasa mpaka uwe laini, kufuta vumbi lote na kufunga kwa valvu mpya. Fundi asipake grisi. Na mwambie amwage maji ya tangi la kompresa kabla ya kujaza. Kwa unyevu wa kwetu linajaa upesi, na maji hayo yanakwenda kuozesha rimu kwa ndani.

Atakuambia atie tyubu. Kataa. Tyubu inasuguana ndani na kupata joto, na ikitoboka upepo unatoka kwa mkupuo. Pancha ya sehemu ya kukanyagia isiyozidi milimita 6 huzibwa kwa kiraka cha ndani. Utambi wa nje ni wa kukufikisha tu. Mpira uliochanwa ubavuni na mawe ya njia za ndani, huo hauna fundi.

Mchangani unaweza kushusha mpaka 20 ukienda polepole, lakini usitoke hivyo kwenye lami wala kwenye mawe. Kuwa na pampu ya volti 12, washa injini unapojaza, na uipumzishe kila baada ya magurudumu mawili.

Mpira wa akiba nao utazame leo. Ukiwa ule mwembamba, unataka kPa 420, yaani paundi 60, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Mafundi wengi huujazia 30 kama mingine, na hujui mpaka uko Kitogani usiku na jeki mkononi.