Lo, la au le? Maswali yenu kuhusu vitenzi vya Kihispania dejar (kuacha, kuruhusu) na hacer (kufanya)

Mwalimu, "nilimfanya alie" na "nilimfanya asome kitabu" kwetu zote zina -m-. Mbona Kihispania ni *lo hice llorar* lakini *le hice leer el libro*? (Msomaji, Morogoro)

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama. Usimwangalie mtu, kiangalie kitenzi cha pili. *Llorar*, kulia, hakina mtendwa, hivyo nafasi ya yambwa tendwa (kinachotendwa moja kwa moja) iko wazi na mtu anaikalia: *lo*, au *la* kwa mwanamke. *Leer* tayari kina kitabu chake. Nafasi imeshakaliwa, mtu anasogea kwenye yambwa tendewa (anayetendewa): *le*.

Mfikirie mama na bakuli la supu. *La hice comer*: nilimfanya binti ale. *Le hice comer la sopa*: nilimfanya ale supu. Binti ni yule yule, supu ndiyo iliyobadili kiwakilishi.

Huko Hispania utawasikia wengi wakimwita mwanamume *le* hata penye *lo*. Usishtuke, ila wewe jifunze kanuni kwanza.

Na supu nayo ikiwa kiwakilishi?

*Se la hice comer.* *Le* haikai mbele ya *la* wala *lo*, hugeuka *se*. Masikio yetu hugoma kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi kimoja tu cha mtendwa: ukisema "nilimlisha", kiambishi cha supu hakina pa kuingia.

Nilipeleka gari kwa fundi, nikaandika *le hice reparar*. Nikasahihishwa.

Ulitaka kusema ulilitengenezesha gari, basi ni *lo hice reparar*: *lo* ni gari, na fundi hatajwi kabisa. Ukimtaja fundi ndipo *le* inapoingia: *le hice reparar el coche*.

Mimi ni mpagazi Kilimanjaro. Mgeni amechoka, nataka kumwambia "niruhusu nikubebee begi".

*Déjeme llevarle la mochila.* Nimelipenda sana swali hili, maana lina watu wawili: *me* ni wewe unayeomba ruhusa, iko na *dejar*, *le* ni mgeni, iko na *llevar*, kubeba. Kila kiwakilishi kishikamane na kitenzi chake. Begi likiwa liko mbele yenu, huna haja ya kulitaja: *déjeme llevársela*. Hiyo *déjeme* ni ya heshima. Kwa kijana mwenzako sema *déjame llevarte la mochila*.

*Permitir*, kuruhusu, nacho je?

Hapo ni *le* tu. *La dejaron entrar*, lakini *le permitieron entrar*, ingawa ni dada yule yule aliyeruhusiwa kuingia.

Kwa nini "mwache alale" si *déjalo duerme*?

Baada ya *déjalo* kitenzi hubaki katika umbo lake la msingi: *déjalo dormir*. Ukikanusha, kiwakilishi kinarudi mbele: *no lo dejes dormir*, usimwache alale. Ukitaka muundo ulio karibu na wetu, upo na ni sahihi kabisa: *deja que duerma*, acha alale.