Jibu: Buti la gari limegoma kufunguka, nifanyeje?

Pole ndugu yangu wa Chumbageni. Kama ulivyosema, ukivuta kile kimkono cha kufungulia buti, chini kando ya kiti cha dereva, kinakuja kilegevu, basi waya umekatika au umechomoka kwenye loki. Jaribu ufunguo kwenye tundu la buti lenyewe. Likiwa gumu, hapa Tanga mara nyingi ni chumvi ya bahari: puliza WD-40 (dawa ya kulainisha vyuma vilivyokwama), subiri, zungusha taratibu usije ukavunjia ufunguo humo ndani. Ikishindikana, laza kiti cha nyuma, ingia na tochi, sukuma kilimi cha loki kwa bisibisi. Tafadhali sana, fundi asitie mtaimbo! Bodi ikipinda, mvua itaingia. Waya mpya ujaribiwe buti likiwa wazi.