Maswali na majibu: ujumbe mmoja, redio nyingi

Tumefunga redio 14 za LoRa (redio za masafa marefu zinazotumia umeme kidogo) kwenye mabanda ya kupimia chai, Mufindi. Kila inayopokea tangazo hulirudia. Mbona mabanda mengine hayapati kitu?

Redio zilizosikia kwa pamoja hurusha kwa pamoja. Mawimbi yanagongana, na banda lililo katikati linaambulia kelele. Watafiti wa Taiwan walilipima tatizo hili mwaka 1999 na kuliita dhoruba ya matangazo.

Kila ujumbe ubebe namba ya mtumaji na namba ya mfuatano, ili redio isirudie uleule mara mbili. Kabla ya kurudia, isubiri muda wa kubahatisha, tuseme kati ya sekunde 0 na 1, huku ikisikiliza. Ikifikisha nakala 3, inyamaze. Watafiti hao walikokotoa kwamba redio iliyosikia mara moja, ikirudia, huongeza eneo jipya la wastani wa asilimia 41 ya eneo inalofikia. Iliyosikia mara 4 haifikishi asilimia 5. Ila hesabu hiyo ni ya mahali tambarare. Kwenye mabonde yenu, banda ambalo ndilo njia pekee ya kuvuka kilima lirudie kila mara, hata likisikia nakala 10.

Sisi wa Rungwe tupandishe SF (kiwango cha kutawanya mawimbi ya LoRa: kikipanda, ujumbe hufika mbali ila polepole) hadi 12 ili ifike mbali?

Inueni antena kwanza, ipite paa na miti. Chukua ujumbe huu: "Gari la chai saa 11." Ni herufi 20 pamoja na nafasi na nukta. Kwa SF7 na upana wa mkanda wa kHz 125, unakaa hewani milisekunde 57 hivi. Kwa SF12 ni sekunde 1.3! Redio 14 zikirudia, hewa inashikwa sekunde 18, na ile sekunde 1 ya kusubiri haitenganishi chochote. Mkipandisha, pandisheni zote, maana redio ya SF7 haiisikii ya SF12.

Hapa Uyole tuna ruta za WiFi zenye OLSR (utaratibu wa ruta kutafutiana njia zenyewe). Nani huchagua warudiaji?

Kila ruta huchagua wake miongoni mwa majirani: wachache wanaotosha kuwafikia majirani wa majirani, ambao yenyewe haiwasikii. Tuseme A inawasikia B, C na D. E anafikiwa na B peke yake, kwa hiyo B anaingia kwanza. C anawafikia F na G, D anamfikia G tu: C anaingia, D anapumzika. Orodha ya majirani hujengwa kwa salamu (ujumbe mfupi wa "nipo") za kila sekunde 2, na jirani asiyesikika kwa sekunde 6 anafutwa. Ndani ya muda huo, B akizimika, matangazo ya kwenda kwa E yanapotea. Msiige salamu hizo kwenye LoRa, zitajaza hewa. Mabanda hayahami: andikeni warudiaji kwa mkono, na betri ya mmoja ikifa mbadilisheni siku hiyohiyo.